Mbwa akizunguka gari lako Marekani: tunayoambiana na yaliyoamuliwa

"Ukikataa, hawana la kukufanya," alisema mmoja. "Wakishaleta mbwa umekwisha, hata uwe malaika," akajibu mwenzake. Tulikuwa meza moja kwenye kituo cha malori kando ya barabara kuu ya I-80, chai kwenye vikombe vya karatasi: madereva wawili wa trela, mmoja Mkongomani wa Bukavu, mwingine mtu wa Mombasa, na mimi katikati. Tulikuwa tukizungumzia mbwa wa polisi wanaonusa dawa za kulevya kwenye magari. Kila mmoja alikuwa na shemeji wa rafiki yake aliyemthibitishia habari hiyo. Na kila mmoja alikuwa amekosea, ingawa si kwa namna ileile.

Sheria yenyewe inaanzia kwenye maneno machache ya mwaka 1791, Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani, yanayomkinga mtu, nyumba yake, karatasi zake na mali zake dhidi ya upekuzi na ukamataji usio na sababu. Walioyaandika hawakuwa na magari wala mbwa wa kokeini, kwa hiyo majaji wamekuwa wakilijaza pengo hilo kesi baada ya kesi. Ndiyo maana jibu la 2005 halikuwa jibu la 2015, na jibu la Nebraska silo la Colorado. Mimi si wakili wako; ukikamatwa, mtafute mwenye leseni ya jimbo hilo. Hapa nasafisha tu yale tunayoambiana mezani.

"Kunusa ni kupekua, kwa hiyo lazima waje na hati ya hakimu"

Kwa gari lililosimamishwa kihalali, hapana. Na mzizi wa jambo hili ni masanduku ya safari. Katika kesi ya United States v. Place ya 1983, abiria alitua New York akitokea Miami, maafisa wakamnyang'anya masanduku na kuyapeleka kwa mbwa kwenye uwanja mwingine wa ndege. Mahakama ya Juu ikasema mawili kwa mpigo. Kuyashikilia masanduku kwa dakika 90 kulipita kiasi. Lakini kunusa kwenyewe si upekuzi, kwa sababu mbwa hafungui zipu, hasomi barua, haoni nguo zako za ndani. Pua yake inajibu swali moja tu: kuna haramu au hakuna? Na hakuna mwenye haki ya kuficha haramu.

Miaka 22 baadaye hoja hiyo ikahamia barabarani. Dereva wa Illinois alisimamishwa kwa kwenda maili 71 kwa saa palipo na kikomo cha 65. Askari wa pili alisikia kwenye redio, akaja na mbwa bila kuitwa. Wakati wa kwanza akiandika onyo, wa pili alimzungusha mbwa, mbwa akatoa ishara kwenye buti, buti likafunguliwa, bangi ikaonekana. Yote hayo chini ya dakika 10. Dereva alihukumiwa kifungo cha miaka 12 na faini ya dola 256,136. Katika Illinois v. Caballes, 2005, majaji sita kwa wawili walisema askari hawa hawakuvunja Katiba. Hawakuhitaji hata kumshuku.

Na mbwa akishatoa ishara hawaendi kwa hakimu. Tangu kesi ya Carroll, 1925, gari linapekuliwa bila hati ilimradi ipo sababu ya kutosha kuamini kwamba ndani kuna haramu, kwa hoja rahisi kwamba gari lina magurudumu. Hakimu akitafutwa, lenyewe limeshavuka jimbo.

Usiibebe hukumu hiyo hadi nyumbani, lakini. Mwaka 2013, katika Florida v. Jardines, polisi wa Miami walimpandisha Franky, labrado wa rangi ya chokoleti, kwenye kibaraza cha mtu, akanusa mlango. Majaji watano kwa wanne wakasema huo ni upekuzi. Hoja ya Jaji Scalia mtu wa pwani ataielewa bila mkalimani: desturi inampa kila mgeni ruhusa ya kuja mlangoni, kupiga hodi, kungoja kidogo, na asipokaribishwa aende zake. Desturi haimpi ruhusa ya kuja na mbwa wa kupeleleza. Gari halina kibaraza, ndiyo tofauti.

"Basi wanaweza kunisubirisha mpaka mbwa afike"

Hapa ndipo penye nyama. Kama kuna jambo moja ningependa madereva wetu walikamate, ni kwamba kesi nyingi za mbwa ni kesi za saa. Swali la kwanza la wakili mzuri si mbwa alinusa nini. Atauliza ilikuwa saa ngapi.

Tazama usiku wa Machi 27, 2012, Nebraska. Saa sita na dakika sita usiku askari aliyembeba mbwa wake aitwaye Floyd kwenye gari la polisi aliona gari aina ya Mercury Mountaineer likichepuka hadi pembezoni mwa barabara kwa sekunde moja au mbili, kisha likarudi njiani kwa ghafla. Katika jimbo hilo ni kosa. Dereva alisema alikuwa akikwepa shimo. Askari akachukua leseni, rejista na bima, akaenda kukagua kwenye gari lake. Akarudi, akachukua leseni ya abiria, akamuuliza wametoka wapi na wanaenda wapi. Akakagua tena, akaita msaada, akaandika onyo. Kufika saa sita na dakika 27 au 28, onyo lilikuwa limetolewa, limeelezwa, na karatasi zote zimerudi kwa wenyewe.

Kazi imekwisha, sivyo? Askari akaomba ruhusa ya kumzungusha mbwa. Dereva akakataa. Askari akamwamuru azime injini, ashuke, asimame mbele ya gari la polisi. Saa sita na dakika 33 akafika askari wa pili. Floyd akazungushwa mara mbili, na katikati ya mzunguko wa pili akatoa ishara. Mfuko mkubwa wa methamfetamini ulikuwa ndani. Tangu onyo kutolewa hadi ishara: dakika saba au nane.

Mahakama za chini zilisema dakika nane si kitu. Mwaka 2015, katika Rodriguez v. United States, Mahakama ya Juu ikasema ni kitu. Jaji Ruth Bader Ginsburg, akiandika kwa niaba ya majaji sita dhidi ya watatu, alieleza kwamba mamlaka ya kukusimamisha yanakwisha pale kazi ya kosa la barabarani inapokwisha, au ilipopaswa kuwa imekwisha. Kukagua leseni, kutazama kama unatafutwa, kuangalia rejista na bima: hiyo ndiyo kazi. Mbwa hayumo. Mbwa akiongeza hata dakika chache, na askari hana sababu za msingi za kukushuku, umeshikiliwa kinyume cha Katiba.

Sasa, watu huisoma hukumu hii kwa haraka na kutoka na dhana nyingine potofu: "Mbwa akija kabla ya tiketi ni halali, baada ya tiketi ni haramu." Ginsburg aliikataa njia hiyo waziwazi. Kipimo si kabla wala baada. Kipimo ni kama mbwa ameurefusha muda. Wakiwa askari wawili, mmoja anaandika na mwingine anazungusha mbwa, hakuna muda ulioongezwa, na hapo tunarudi kwenye Caballes. Kinyume chake, askari anayejivuta makusudi, anaandika herufi moja kwa dakika huku mbwa yuko njiani, hawezi kujificha nyuma ya tiketi ambayo haijaisha. Ndiyo maana kamera ya dashibodi yenye saa ina thamani kuliko maneno yote utakayobishana pale kando ya njia. Usibishane pale. Acha saa iseme baadaye.

Na jambo ambalo karibu hakuna anayelijua: dereva wa kesi ile, yeye aliyewashindia madereva wote wa Marekani, hakufaidika. Kesi iliporudishwa chini, mahakama ya rufaa ilisema kwamba usiku ule askari alifuata sheria kama ilivyokuwa katika eneo lake, kwa nia njema, kwa hiyo ushahidi ubaki. Kifungo chake cha miaka mitano kikabaki palepale.

"Pua ya mbwa haidanganyi"

Pua inaweza isidanganye. Lakini pua imefungwa kamba, na kamba imeshikwa na mtu.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha jaribio ambalo ningelipenda kila hakimu alikumbuke. Walichukua jozi 18 za mbwa na waongozaji wao, wakawapeleka kwenye kanisa lenye vyumba vinne. Waongozaji waliambiwa kwamba huenda kuna harufu ya dawa za kulevya, na kwamba karatasi nyekundu zinaonyesha ilipo. Kumbe kanisa zima halikuwa na punje ya dawa yoyote. Kila ishara ingekuwa ya uongo. Katika mizunguko 144 zilipatikana ishara 225, na mizunguko iliyopita bila ishara yoyote ilikuwa 21 tu. Palipobandikwa karatasi nyekundu ndipo ishara zilipojaa. Karatasi iliwapumbaza watu, na watu wakawapumbaza mbwa. Wasomi wa tabia za wanyama hawakushangaa. Berlin, mwanzoni mwa karne ya 20, kulikuwa na farasi aliyesifiwa kwa kujua hesabu, mpaka 1907 ikagundulika kwamba alikuwa akisoma tu uso na mwili wa anayemuuliza.

Barabarani mambo hayako mbali na hayo. Gazeti la Chicago Tribune, mwaka huohuo wa 2011, lilipitia takwimu za miaka mitatu za polisi wa vitongoji vya Chicago: ishara zilizoishia kwenye dawa au vifaa vyake zilikuwa asilimia 44. Kwa madereva wenye asili ya Amerika ya Kilatini zilikuwa asilimia 27. Mbwa hajui kabila la mtu. Anayejua ni aliyeshika kamba.

Kisha kuna Lex, mbwa wa Illinois. Katika kesi ya United States v. Bentley, 2015, ilibainika kwamba Lex alitoa ishara asilimia 93 ya mara alizoitwa kunusa, na alikuwa sahihi asilimia 59.5. Kila alipotoa ishara alipewa zawadi yake, dawa zipatikane zisipatikane. Nani angenyamaza? Hata hivyo mahakama ya rufaa iliona ushahidi wote kwa pamoja unatosha, hatia ikabaki.

Ilikuwaje mahakama ikamkubali mbwa wa namna hiyo? Kwa sababu ya Aldo, mbwa wa polisi wa Florida. Katika Florida v. Harris, 2013, Mahakama ya Juu ya jimbo la Florida ilitaka polisi walete kumbukumbu za kazi za mbwa: mara ngapi amepatia, mara ngapi amekosa. Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa sauti moja, ikasema hapana. Mbwa mwenye cheti, au aliyemaliza mafunzo yanayoaminika karibuni, ishara yake inatosha kwa kawaida, na mshtakiwa ana nafasi ya kuupinga ushahidi huo. Kwa maoni yangu huo ni mlango mwembamba: anayeshikilia kumbukumbu ni polisi, na kesi nyingi haziishii kwenye vitabu, kwa sababu mtu asiyekutwa na kitu huambiwa safari njema na kurudi barabarani. Jaji David Souter alikuwa ameonya mapema, akiwa upande ulioshindwa katika Caballes, kwamba mbwa asiyekosea ni kiumbe cha kubuni cha sheria.

"Mbwa hakufundishwa hicho, kwa hiyo hawawezi kunishtaki"

Aldo tena. Alifundishwa kutambua methamfetamini, bangi, kokeini na nyinginezo. Alitoa ishara kwenye kishikio cha mlango wa dereva, na ndani ya gari zikakutwa tembe 200 za pseudoefedrini zisizo na pakiti, njiti 8,000 za kiberiti na kemikali nyingine za kutengenezea methamfetamini. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho Aldo alifundishwa kukinusa. Haikumwokoa dereva. Ishara hufungua mlango. Kinachokutwa ndani ni habari nyingine.

Nalisema hili kwa sababu ya miraa, au mirungi kama waitavyo wengine. Kenya ni zao la biashara, huku watu wetu wanajipa moyo kwamba mbwa wa Marekani haujui huo mmea. Pengine kweli haujui. Lakini majani mabichi yana kathinoni, ambayo sheria ya shirikisho ya Marekani inaiweka kundi moja na heroini, Jedwali la Kwanza. Mbwa akitoa ishara kwa harufu ya bangi aliyovuta aliyekuuzia gari, kifurushi cha majani ya ndizi chini ya kiti hakitafunika macho ya askari.

"Bangi imehalalishwa, mbwa hana kazi tena"

Colorado, karibu kweli. Mwaka 2019, katika People v. McKnight, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilimjadili mbwa aitwaye Kilo. Kilo hawezi kusema amenusa nini: ishara ya bangi na ya methamfetamini ni moja. Kwa kuwa wapiga kura wa Colorado walikuwa wameruhusu watu wazima kuwa na kiasi kidogo cha bangi, pua ya Kilo sasa inaweza kufichua kitu halali. Ile hoja ya 1983, kwamba kunusa hakufichui ila haramu, ikavunjika mguu. Kwa majaji wanne dhidi ya watatu ikaamuliwa kwamba, chini ya Katiba ya Colorado, kumtumia mbwa kama huyo ni upekuzi, na unahitaji sababu ya kutosha kwanza.

Vuka mpaka kuingia Nebraska au Kansas, hukumu hiyo haikufuati. Halafu kwa asiye raia, bangi bado ni haramu kwa sheria ya shirikisho, na Aprili 2019 idara ya uhamiaji ilitangaza kwamba hata matumizi yaliyo halali katika jimbo yanaweza kukwamisha ombi la uraia. Dereva wa trela naye ana vipimo vya dawa za kulevya vya shirikisho. Mwenye karatasi za kusubiri asiidharau harufu.

"Hapana" ambayo ni ndiyo

Turudi kwa rafiki wa Bukavu na "ukikataa, hawana la kukufanya." Kukataa hakuzuii kunusa, dereva wa Nebraska alikataa na mbwa akazunguka. Kunachozuia ni upekuzi wa ridhaa, na hilo si jambo dogo, kwa sababu ukiridhia, mbwa hahitajiki na saa haina maana tena. Askari halazimiki kukuambia kwamba una haki ya kukataa. Iliamuliwa hivyo 1973, kesi ya Schneckloth v. Bustamonte. Na kukataa peke yake si dalili ya hatia.

Shida yetu iko kwenye lugha. Askari wa Marekani mara nyingi haulizi "naomba kupekua." Anauliza kwa adabu ya Kiingereza, maneno ambayo maana yake ni: utakwazika nikitupia jicho humo ndani? Dereva aliyekariri kwamba dawa ni kukataa anajibu kwa ujasiri: hapana! Yaani: sitakwazika, karibu. Ametoa ridhaa akidhani amekataa. Mwingine anaitikia "sawa, sawa" kama tunavyoitikia wakubwa, bila kukusudia chochote zaidi ya heshima. Sentensi nzima ni salama kuliko neno moja: "Siridhii gari langu lipekuliwe." Ijue kwa Kiingereza, iseme mara moja, kwa sauti ya kawaida, mikono kwenye usukani. Kisha uliza kama uko huru kwenda.

"Ni kama vizuizi vya kwetu"

Siyo. Aliyezoea kusimamishwa kila kilomita chache kati ya Mombasa na Malaba hudhani polisi wa Marekani wanaweza kusimamisha kila gari na kupitisha mbwa. Indianapolis walijaribu mwaka 1998: vizuizi sita, magari 1,161, watu 104 walikamatwa, 55 kati yao kwa makosa ya dawa. Katika City of Indianapolis v. Edmond, 2000, Mahakama ya Juu ilivifuta, kwa sababu kizuizi cha kutafuta uhalifu wa jumla hakiruhusiwi bila kumshuku mtu fulani. Vya walevi vinaruhusiwa. Vya uhamiaji karibu na mipaka pia vinaruhusiwa, na huko mbwa ni wa kawaida. Ukiona kibao barabarani kinachotangaza kizuizi cha dawa mbele, huenda mbele hakuna kitu. Polisi wako kwenye njia ya kutokea, wanatazama nani amekata kona kwa hofu.

Yule wa Mombasa alikuwa amenyamaza muda mrefu. Swali lake halikuwa la dawa. "Huyo mbwa," aliuliza, "ana ruhusa ya kugusa gari langu? Mate yake?"

Swali zuri kuliko yote ya siku hiyo. Idaho, mwaka 2023, kesi ya State v. Dorff: mbwa aitwaye Nero aliegemeza miguu ya mbele kwenye mlango na dirisha la gari akinusa. Majaji watatu kwa wawili walisema kuligusa gari la mtu namna hiyo ili kupata habari ni upekuzi, na bila hati wala sababu haukubaliki. Lakini mahakama ya rufaa ya shirikisho inayosimamia Ohio, Michigan, Kentucky na Tennessee ilikuwa imeamua 2012 kwamba mbwa aliyeruka mwenyewe kupitia dirisha lililo wazi, bila kusukumwa na askari, hakuvunja Katiba. Kwa hiyo funga vioo.

"Na mate?" Mate, nikamwambia, hayajafika Mahakama ya Juu. Kwa sheria ya usafi ya Kiislamu bado ni kuosha kwa maji mara saba, moja kwa udongo. Akacheka, akaenda kukagua tairi.